Maji ya Lori la Chama Yanakwenda Wapi?

Katika skimu nyingi lori la chama ndilo lichukualo maziwa asubuhi, na viazi wakati wa mavuno. Likisimama njiani injini ikifuka moshi, maziwa hayangoji fundi. Kwa hiyo dereva akisema, "Injini inakunywa maji," wanakamati wasimjibu kwamba lori limezeeka tu. Injini iliyo nzima haihitaji kuongezewa maji kila siku. Maji yakipungua, yametoka mahali, na mahali hapo sharti patafutwe kabla ya kutoa hata shilingi moja.

Neno linaloogopwa ni "bloku imepasuka". Bloku ni lile gogo la chuma lenye silinda ndani yake, na maji huzizunguka silinda hizo kuondoa joto. Katika malori ya zamani kama Bedford TJ, yaliyoanza kutengenezwa Uingereza mwaka 1958, bloku ni ya chuma cha kusubu, kigumu lakini huvunjika badala ya kupinda. Ikipasuka kweli, gharama ni kubwa. Lakini mara nyingi maji yaonekanayo ubavuni mwa bloku hayatoki katika ufa wo wote.

Jioni dereva atandike boksi safi lililokunjuliwa chini ya injini, na asubuhi atazame matone yameangukia wapi. Matone ya mbele huenda yanatoka katika rejeta, mipira yake au pampu ya maji. Pampu ina kitundu kidogo upande wa chini. Kikitoa maji, sili ya ndani imekwisha. Kitundu hicho kisizibwe kwa kijiti, maana maji yatapita kwenye beringi na kuiharibu.

Matone yakiwa ubavuni, tafuta michirizi ya kutu. Bloku ina matundu ya mviringo yaliyozibwa kwa visahani vyembamba vya chuma. Visahani hivyo huliwa na kutu kutoka ndani, hasa lori likitiwa maji ya mto matupu miaka mingi. Kubadilisha kisahani ni kazi ndogo, ingawa pengine fundi itambidi aondoe vyombo vingine ili akifikie. Kimoja kikitoboka, afadhali vyote vibadilishwe pamoja.

Kama boksi ni kavu na maji bado yapungua, basi yanaingia ndani. Chomoa kijiti cha kupimia oili: oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yamechanganyika nayo, na lori lisiwashwe tena, kwa sababu oili hiyo hailindi beringi. Moshi mweupe usiokoma hata injini ikiwa imepata moto, au mapovu yasiyokwisha katika rejeta, huonyesha kwamba gasketi ya hedi imeungua au kuna ufa. Fundi afungue hedi na kupima kama imepinda kabla ya kuilaumu bloku.

Huko Ulaya bloku nyingi hupasuliwa na baridi, kwa kuwa maji yakiganda huongezeka kiasi cha sehemu 9 katika 100. Kwetu, hata Kinangop penye sakitu, adui mkubwa zaidi ni ndoo ya maji baridi inayomwagwa katika injini iliyochemka. Zima injini, ngoja mpaka ipoe, na usifungue kifuniko cha rejeta kingali moto. Mvuke wake huchoma uso.

Ufa ukionekana kweli, usikubali kila mwenye mashine ya kulehemu. Chuma cha kusubu kikilehemiwa bila kupashwa moto taratibu na kupozwa taratibu, hupasuka tena kando ya mshono. Wako mafundi washonao ufa bila moto, kwa kutoboa matundu na kukaza pini za chuma zilizofuatana. Ulizeni bei hiyo, na bei ya injini nyingine iliyo nzima, kisha mlinganishe. Dawa za kuzibia za chupa zaweza kusaidia tone dogo kwa muda, lakini huziba njia za rejeta pia. Unga wa mahindi, mayai na mavi ya ng'ombe ni vibaya zaidi. Mavi yapelekwe shambani.

Baada ya matengenezo, tieni dawa ya rejeta nusu kwa nusu na maji safi. Huzuia kutu, na pia huchelewesha kuchemka. Jambo hili ni kubwa kwetu wa nyanda za juu, maana penye mita 2,500 maji matupu yasiyofungiwa huchemka karibu digrii 92, si 100.

Lakini nyingi ya dawa hizo ni sumu, tena tamu. Mbwa na ndama huilamba, na mtoto pia. Ile inayotolewa isimwagwe mtaroni. Itiwe katika debe lenye kifuniko, liandikwe SUMU, na lifungiwe stoo mbali na chumvi ya ng'ombe.