Saa ya Kompyuta: ya Dunia au ya Hapa?

Anayesakinisha Linux kwa mara ya kwanza hujibu maswali mengi bila wasiwasi: lugha, kibodi, jina, nywila. Ghafla, kwenye baadhi ya visakinishi, linakuja la kukwaza: je, saa ya mashine imewekwa kwa UTC, yaani saa ya dunia? Wengi hubofya lolote na kusonga mbele. Watengenezaji wa FreeBSD, mfumo mwingine wa jamii hiyo, wanawajua watu hao. Kisakinishi chao kiliwahi kutamka wazi kwamba asiyejua achague hapana.

Mzizi wa swali ni kidude kidogo kwenye bodi mama. Kompyuta ikizimwa, chenyewe hakilali: kinakula betri bapa kama sarafu na kuhesabu mitetemo 32,768 ya fuwele kila sekunde. IBM ilikiweka ndani ya PC AT mwaka 1984. Kinatunza tarehe na saa, basi. Kiko Mombasa au Minneapolis, hakijui.

Hapo koo mbili za mifumo endeshi zikaachana. Unix, iliyozaliwa kwenye mashine za kutumiwa na watu wengi, huhesabu sekunde tangu Januari 1, 1970 kwa UTC, kisha hujumlisha au kutoa tofauti ya mahali wakati wa kuonyesha tu. MS-DOS ilikuwa ya mtu mmoja mezani pake. Ilikisoma kidude kama mtu anavyotazama saa ya ukutani. Windows ikarithi desturi hiyo na kuishikilia, programu za zamani zisije zikavurugika.

Njia ya Unix si ngeni kwa Mswahili. Mshale uko kwenye saba, naye anatamka "saa moja".

Kasheshe huanza mifumo miwili ikipangishwa kwenye kompyuta moja. Jijini Nairobi, saa nne asubuhi, Linux, inayofuata nyayo za Unix, huandika 07:00 kwenye kidude, maana Afrika Mashariki iko saa 3 mbele ya UTC. Mtu akiwasha Windows, inasoma 07:00 na kuamini. Faili atakazohifadhi zitapigwa muhuri wa saa moja asubuhi, mpaka intaneti isahihishe.

Mwenye Linux peke yake ajibu ndiyo. Mwenye mifumo miwili aipatanishe: ama aiamuru Linux ifuate saa ya mahali kwa timedatectl set-local-rtc 1, ama aiongezee Windows thamani ya RealTimeIsUniversal kwenye rejista yake.

Walioko London ndio hudanganyika zaidi. Majira ya baridi, saa ya hapo na UTC ni ile ile, kwa hiyo jibu lolote la Januari huonekana sahihi. Halafu inafika Jumapili ya mwisho ya Machi, saa saba usiku. Windows inakisogeza kidude mbele kwa saa nzima. Linux, ikidhani ile bado ni UTC, inaongeza nyingine juu yake.