Vitabu Pekee Haviwezi Kuziba Pengo Darasani

Kila matokeo ya mitihani yatangazwapo, lawama hurushwa huku na huko. Mzazi humlaumu mwalimu, mwalimu humlaumu mwanafunzi, nao wakuu hulalamikia uhaba wa vitabu. Ni nadra mtu kuuliza iwapo mtoto aliielewa lugha aliyofundishiwa.

Utafiti uliofanywa Busia katika miaka ya 1990, na kuchapishwa mwaka wa 2009 na Paul Glewwe, Michael Kremer na Sylvie Moulin, ulitoa funzo kubwa. Shule zilipewa vitabu vya kiada bila malipo. Walionufaika ni wale waliokuwa mbele tangu awali. Walio nyuma hawakusogea. Vitabu hivyo viliandikwa kwa Kiingereza, ambacho kwa wengi wao ni lugha ya tatu.

Ripoti ya Gachathi ya mwaka wa 1976 ilipendekeza kwamba katika madarasa matatu ya kwanza watoto wafundishwe kwa lugha ya mazingira yao. Naam, lakini mazingira yapi? Hebu tuutazame mtaa wa Majengo mjini Embu, au ule wa Meru. Humo watoto wa makabila mbalimbali hucheza pamoja kwa Kiswahili. Darasani, mtoto wa mtaani huketi na mwenzake atokaye mashambani, aliyelelewa kwa Kiembu. Wa kwanza husema "kitabu yangu": ana wepesi wa kuzungumza, ila upatanisho wa kisarufi haujamkaa. Wa pili huandika "kurara" badala ya "kulala", kwa kuwa lugha yake ya kwanza haizitofautishi sauti hizo mbili. Mmoja ahitaji mazoezi ya ngeli, mwingine mazoezi ya kusikiliza. Mwalimu akiwakosoa kwa wino mwekundu tu na kuendelea na silabasi, wote wawili watabaki walipokuwa.

Walimu wenzangu, tuanze kwa kupima. Msikilize kila mtoto akisoma aya moja. Hata darasa likiwa na wanafunzi 60, ukiwasikiliza 10 kwa siku utawamaliza kwa siku 6. Kisha wagawe kwa viwango. Utafiti wa Esther Duflo, Pascaline Dupas na Kremer, uliochapishwa mwaka wa 2011, ulionyesha kwamba katika shule za magharibi mwa Kenya zilizoligawa darasa la kwanza hivyo, wanafunzi wa juu na wa chini walifaidika. Hata hivyo, mgawanyo usigeuke kuwa muhuri wa ujinga. Kipindi kimoja kwa siku chatosha, na makundi yabadilishwe kila muhula.

Nanyi wanafunzi, msimcheke mwenzenu atamkapo vibaya. Anayechekwa hunyamaza, na anayenyamaza hapimiki.

Wahenga walinena: usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa huu huanzia darasa la kwanza. Tusingoje mtihani wa mwisho ndipo tuuone.