POSHO YA MCHEZAJI NI HAKI YA KAZI

Watu wengi wakimtazama mchezaji wa mpira katika uwanja wa Kakyeka, hapa Mbarara, huona mchezo tu. Sisi wa chama huona kazi. Mchezaji wa kulipwa huuza nguvu za mwili wake kama afanyavyo mpakiaji wa magunia, na nguvu hizo hutoka chunguni. Kwa hiyo chakula chake ni jambo la kazi, nalo lazungumzwa kama mshahara.

Tuanze na hesabu. Katika mechi moja mchezaji hukimbia na kutembea jumla ya kilomita 10 hadi 13. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2017 uliwapima wachezaji sita wa Ligi Kuu ya Uingereza kwa wiki moja yenye mechi mbili. Kwa wastani kila mmoja alitumia kilokalori 3,560 hivi kwa siku, lakini alikula 3,190 hivi. Hao ni watu wenye wapishi na madaktari, na bado sahani ilibaki nyuma ya miguu.

Sasa twende Nakivale, wilaya ya Isingiro, kiasi cha kilomita 60 kutoka Mbarara. Huko wanaishi Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali na wengine. Vijana wao hucheza mpira, na wapo wanaotamani kusajiliwa na timu za mjini. Posho kamili ya Shirika la Mpango wa Chakula Duniani huhesabiwa kwa kilokalori 2,100 kwa mtu kwa siku. Hicho ni kipimo cha mtu wa kawaida, si cha mwanamichezo. Hata hivyo, kwa wakimbizi wa Uganda ilipunguzwa kuwa asilimia 70 mwaka 2020, kisha asilimia 60 mwaka 2021. Mwaka 2023 familia ziligawanywa mafungu matatu: wa asilimia 60, wa asilimia 30, na wasiopewa kitu. Mwaka 2025 karibu watu milioni moja waliondolewa katika orodha. Asilimia 60 ni kilokalori 1,260. Kijana asiye na shamba wala kibarua atacheza kwa nguvu zipi?

Mwili ukidhulumiwa hujilipa wenyewe. Hula misuli yake, mifupa hudhoofika na kupata nyufa, homa haziishi, kidonda hakiponi upesi, na kwa wachezaji wa kike hedhi huweza kukatika. Kocha husema kijana amekuwa mvivu, kumbe ana njaa. Upande wa pili nao upo: aliyeumia na kukaa nje miezi miwili, akiendelea kula kama siku za mechi, hurudi mzito. Mizani ina pande mbili.

Kanuni ni nyepesi: sahani ifuate kazi ya siku. Siku ya kupumzika, posho au matoke ijaze robo ya sahani, robo nyingine iwe maharage, mayai au samaki, na nusu iwe mboga na matunda. Siku ya mazoezi makali na siku ya mechi, posho, matoke, wali au viazi vijaze nusu ya sahani. Mchezaji wa kilo 70 siku ya mechi ahitaji gramu 420 hadi 560 za wanga, naye hawezi kuzipata kwa mlo mmoja wa usiku. Ale saa tatu au nne kabla ya mechi, chakula kisicho na mafuta mengi. Akimaliza, asikae na njaa mpaka afike nyumbani: ndizi mbivu na maziwa, au bushera, humrudishia nguvu bila gharama kubwa. Ajipime uzito mara moja kwa wiki, asubuhi. Ukishuka wiki hata wiki, chakula hakitoshi.

Lakini ushauri bila chakula ni maneno matupu. Neno posho lenyewe lilikuwa na maana ya chakula apewacho mtu wa kazi, kabla halijawa jina la ugali hapa Uganda. Wazee wetu wa mashambani na wa reli walijua kwamba anayetaka nguvu zako ni lazima akulishe au akulipe ujilishe.

Basi tunadai mambo manne yaandikwe katika mkataba wa kila mchezaji: mlo baada ya mazoezi, chakula cha safari kwa gharama ya timu, posho isiyokatwa mchezaji anapoumia, na mshahara kwa wakati, maana mshahara ukichelewa chungu hulala kitupu. Timu ikisajili kijana kutoka Nakivale, imlishe kwanza kwa majuma kadhaa ndipo impime mbio.

Ndugu mchezaji, kabla hujatia sahihi, uliza: chakula kimeandikwa wapi? Kama hakimo, njoo chamani tuudai pamoja.