Wamanyema wa Ujiji na Warundi wa 1972: nani aliruhusiwa nini
Sehemu ya pili

Kaa barazani Ujiji baada ya swala ya alasiri, haitachukua muda utaisikia hukumu hii: Mmanyema ana akili ya mji, Mrundi ana akili ya jembe. Husemwa kwa mzaha, pengine mbele ya Mrundi mwenyewe, naye akacheka na wenzake. Sehemu ya kwanza ilieleza namna watu wa ng'ambo na watu wa kaskazini walivyofika mwambao huu wa Tanganyika. Leo tuipime hukumu yenyewe, maana ndani ya mzaha huo kuna dai zito: kwamba kundi moja la wageni lilistawi kwa tabia yake, na jingine likachelewa kwa tabia yake. Mimi naona tabia ina kazi ndogo sana hapa. Linaloeleza tofauti ni ruhusa. Nani aliruhusiwa kujenga, kutembea, kuuza, kuandikwa jina. Na mwaka gani.

Wamanyema hawakuwa kabila moja. Misafara iliwaita hivyo watu wa ng'ambo ya ziwa wa asili nyingi: Wabwari, Wagoma, Wakusu, Wabangubangu na wengine. Burton na Speke walipofika Ujiji Februari 1858 walikuta kituo kidogo cha biashara katika nchi ya Wajiji. Stanley alipomkuta Livingstone hapo mwaka 1871, wafanyabiashara wa pembe na watumwa walikuwa wameshavuka ziwa na kuingia ndani kabisa ya Manyema. Miaka ya 1880 Rumaliza, yaani Muhammad bin Khalfan, alikuwa akiendesha shughuli hizo kutoka Ujiji. Watu walivushwa wakiwa mateka, au walivuka wenyewe wakiwa wapagazi, askari wa misafara, wake na masuria. Wenye mtaji walikuwa wachache mno. Kwa hiyo anayesema Mmanyema alikuja na akili ya mji akumbuke kwamba wengi wao walikuja na kamba shingoni.

Tazama sasa kilichofuata. Wajerumani hawakuufuta utumwa kwa siku moja. Walitangaza kwamba watoto wa watumwa watakaozaliwa kuanzia 1906 watakuwa huru, na Waingereza wakaumaliza kisheria mwaka 1922. Lakini katika miaka hiyo yote hapakuwa na ofisi ya kumuuliza Mmanyema kibali cha kuishi Ujiji kwa sababu wazazi wake walitoka ng'ambo. Mpaka wa Kongo ulikuwa mstari wa kwenye ramani, katikati ya maji. Aliyejikwamua kutoka kwa bwana wake aliweza kupata kiwanja, kuoa, kusali, kujifunza ufundi, na baada ya reli kufika Kigoma mwaka 1914, kupanda treni akateremka Tabora au Dar es Salaam. Kiswahili alikuwa nacho. Uislamu ulimpa watu wa kumzika na wa kumdhamini mahali popote aliposhukia. Kariakoo hadi leo kuna Msikiti wa Manyema.

Juu ya yote hayo, walijenga. Nyumba ya Kiswahili, yenye ukumbi katikati na vyumba pande mbili, ni mradi kamili: mwenyewe analala chumba kimoja, vingine anapangisha. Wamanyema walilielewa hilo mapema, na wanawake wao hasa walijulikana kwa kumiliki nyumba, huku Ujiji na kule Dar es Salaam. Nyumba hizo ziliwasomesha wajukuu. Ulipofika uhuru, tarehe 9 Desemba 1961, sheria ya uraia ilimfanya raia moja kwa moja mtu aliyezaliwa Tanganyika ikiwa walau mzazi wake mmoja naye alizaliwa Tanganyika. Mjukuu wa mateka wa miaka ya 1880 alilala mgeni kwa asili akaamka raia, bila kujaza karatasi hata moja.

Sisemi Ujiji ni mji wa matajiri. Bandari na kituo cha treni vilipowekwa Kigoma, kilomita chache tu kaskazini, biashara ilihamia huko, na mitaa ya zamani ya Ujiji ikabaki na miembe yake. Ila hata Mmanyema maskini wa Ujiji ni maskini mwenye nyumba na kura.

Warundi walikuja wakati mwingine kabisa. Kwanza tusisahau waliokuja kabla ya ukimbizi. Enzi za mkoloni, Kigoma ilikuwa ghala la manamba. Waha walisombwa kwenda kwenye mkonge wa Tanga na Morogoro, na Warundi wengi walivuka mpaka wakaingia katika foleni hiyo hiyo. Wengine hawakurudi. Kirundi na Kiha vinasikilizana bila mkalimani, kwa hiyo walimezwa na vijiji kimya kimya, na leo wajukuu wao ni Waha tu.

Kisha ukaja mwaka 1972. Tarehe 29 Aprili uasi ulizuka kusini mwa Burundi, Rumonge na Nyanza-Lac, Watutsi wakauawa. Serikali ya Michel Micombero ikajibu kwa kuwaua Wahutu nchi nzima, na iliwatafuta hasa waliosoma: walimu, wanafunzi wa sekondari, makarani, wachungaji. Makadirio ya waliouawa huanzia 100,000 na kupanda. Jambo hili halitajwi barazani, nalo lina uzito mkubwa katika hesabu yetu. Waliovuka kuja kwetu, kwa mitumbwi na kwa miguu kupitia vilima, walikuwa wakulima ambao walimu wao wameshauawa. Ukilinganisha elimu ya kizazi cha kwanza cha Warundi hawa na ya kundi lingine lolote, anzia hapo.

Serikali ya Tanzania iliwapokea vizuri kuliko nchi nyingi zingefanya, kisha ikawapanga. Ulyankulu ilifunguliwa 1972 upande wa Tabora, Katumba 1973 na Mishamo 1978 upande wa Mpanda. Maelfu walioletwa Mishamo walitoka Ulyankulu, ambako watu walikuwa wamezidi ardhi na maji. Mishamo kaya ilipimiwa hekta 5. Misitu ya miombo ilifyekwa, na baada ya miaka michache mahindi, maharage, muhogo na tumbaku vikaanza kutoka kwa wingi. Shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa liliona kazi imekwisha likakabidhi makazi hayo kwa serikali: Ulyankulu na Katumba mwaka 1980, Mishamo 1985. Shule zake zilifuata mtaala wa Tanzania, kwa Kiswahili. Ila mtu hakutoka bila kibali. Mkulima aliyevuna gunia mia za mahindi ilimbidi amngoje mnunuzi aje, na bei aliipanga yule aliyekuwa na gari na uhuru wa kuondoka.

Si wote walioenda Mpanda na Tabora. Maelfu walibaki mwambaoni na katika vijiji vya Kigoma, wengine mjini kwenyewe. Mwanaanthropolojia wa Kifini, Liisa Malkki, aliishi na makundi yote mawili katikati ya miaka ya 1980, Mishamo na Kigoma mjini, akatoa kitabu mwaka 1995. Kwa anayetaka kujua kama tabia ya kabila ndiyo inayopanga maisha ya mgeni, huo ni ushahidi usiopatikana mara mbili: watu wa asili moja, waliokimbia mauaji yale yale, mwaka ule ule, wakawekwa katika mazingira mawili. Wa Mishamo walijiona taifa lililo uhamishoni. Walisimulia historia yao kila siku, walijiita Wahutu na wakimbizi, na ndoto yao ilikuwa kurudi. Wa mjini walifanya kinyume chake. Walichukua majina ya Kiislamu au ya kawaida ya hapa, walioana na wenyeji, walisema wanatoka Kasulu au Kibondo, wakajiingiza katika biashara ndogondogo na ajira za mjini. Historia ya 1972 hawakupenda kuizungumza. Kwa maneno ya barazani, Mrundi wa Kigoma mjini alishapata akili ya mji. Ya jembe ilibaki kwa ndugu yake ambaye sheria ilimweka shambani.

Hapa msomaji angetegemea niseme aliyekaa mjini alishinda. Kwa mfuko wa kila siku, na kwa kutembea, ndiyo, alikuwa mbele. Lakini mwaka 2007 serikali iliwauliza Warundi wa yale makazi matatu, ambao walifika takribani 218,000, wachague kurudi Burundi au kuomba uraia. Asilimia 80 hivi waliomba uraia. Zaidi ya 160,000 walikubaliwa mwaka 2010, na baada ya mvutano mrefu kuhusu sharti la kuwatawanya katika mikoa mingine, sharti hilo likaachwa na vyeti vikaanza kutolewa Oktoba 2014, enzi za Rais Kikwete. Ni uandikishaji wa uraia mkubwa kuliko wowote ambao nchi yetu imewahi kuufanya kwa wakimbizi. Nao uliwafikia wale waliohesabiwa: waliokuwa na namba ya kaya, kijiji, kadi. Warundi wa 1972 waliojichanganya vijijini Kigoma, ambao walikadiriwa kuwa zaidi ya 20,000, walibaki kwenye foleni yao peke yao. Kujificha kuliwapa soko na majirani, kuliwanyima karatasi.

Na karatasi katika mkoa huu si jambo dogo. Hata Muha ambaye babu yake hajawahi kuvuka Malagarasi huulizwa maswali ya ziada anapotaka pasipoti au kitambulisho cha NIDA, mpaka wabunge wetu wamelipigia kelele bungeni. Fikiria sasa mtu ambaye jibu lake la kweli ni Nyanza-Lac.

Waliochagua kurudi, zaidi ya 50,000, walikuta mashamba yao ya michikichi Rumonge yana wenyewe wengine kwa miaka 35. Burundi iliunda tume ya ardhi mwaka 2006, na kesi zikawa nyingi kuliko mashamba. Kuna waliozaliwa Katumba wakasoma kwa Kiswahili hadi kidato cha nne, wakafika nyumbani kwa baba zao hawajui Kifaransa.

Ukitaka mifano ya mbali ya ruhusa inavyopanga maisha ya mgeni, ipo. Agosti 1991 meli Vlora iliingia bandari ya Bari, Italia, ikiwa na Waalbania wapatao 20,000. Walifungiwa katika uwanja wa mpira, na wengi wakarudishwa kwao. Sisi hatuna la kushangaa: Mei 2015 Warundi waliokwama Kagunga, kipindupindu kikiwamaliza, waliletwa Kigoma kwa meli ya Liemba na kupokelewa katika Uwanja wa Lake Tanganyika. Tofauti ilikuja baadaye. Italia, pamoja na ukali wake, iliwafungulia waliobaki na waliofuata milango ya kuhalalishwa kwa awamu, na leo Waalbania zaidi ya laki nne ni mafundi, wajenzi na wenye biashara zao katika nchi hiyo. Wabhutani wenye asili ya Kinepali, waliofukuzwa kwao kuanzia 1990, walikaa makambini Nepal karibu miaka 20 wakikatazwa ajira rasmi. Tangu 2008 zaidi ya 100,000 wamehamishiwa nchi nyingine, wengi wao Marekani, na waliokuwa wakingoja mgao wa mchele sasa wanalipia nyumba. Hawakubadilika tabia ndani ya ndege. Pamoja na hayo, watafiti wa afya huko Marekani walikuta miongoni mwao vifo vya kujiua vilivyozidi kiwango cha nchi, jambo ambalo hesabu za mishahara na nyumba haziwezi kulionyesha.

Turudi kwetu, Kasulu. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa 1996 kwa ajili ya Wakongo wa Kivu Kusini, wengi wao Wabembe wa Fizi, ambao mababu zao walikuwa wakivuka na kuvua upande huu kabla ya mkoloni. Tangu 2015 wameishi humo pamoja na Warundi. Kwa asili, hawa Wakongo ni ndugu wa karibu wa Wamanyema wa Ujiji. Kilichobadilika ni Sheria ya Wakimbizi ya 1998, inayomtaka mkimbizi akae kambini. Mtoto wa Kimanyema aliyezaliwa Ujiji mwaka 1930 alisoma na watoto wa Wajiji. Mtoto wa Kibembe aliyezaliwa Nyarugusu mwaka 2000 amesoma mtaala wa Kongo, kwa Kifaransa, ndani ya Mkoa wa Kigoma, na cheti chake hakimfungulii kidato cha tano Kasulu mjini. Mrundi wa jirani yake amesoma mtaala wa Burundi. Wakongo wamekuwa na bahati moja ambayo Warundi hawakuipata kwa kiasi hicho: kuanzia 2015 maelfu yao walichukuliwa na Marekani kwa mpango maalumu, na fedha wanazotuma zinaonekana ndani ya kambi katika simu, nguo na mitaji ya vibanda. Majirani hulitafsiri hilo kuwa werevu wa Wakongo.

Wiki ijayo tutaangalia masoko ya makambi hayo: yalivyofunguliwa, yalivyofungwa, na nani Kasulu na Kibondo alipoteza fedha siku yalipofungwa.