Bwawa la Spirulina Halina Mlango, Lina Magadi

Bwawa la wazi hupokea kila mgeni. Upepo huleta vumbi, ndege hudondosha kinyesi, na vyote huja na viumbe vyao. Mkulima wa spirulina, ile sianobakteria inayokaushwa na kuliwa kama kirutubisho, hawezi kuchemsha bwawa zima kama mtu wa maabara anavyochemsha chupa yake. Badala yake huyafanya maji kuwa ya magadi, kama yalivyo maji ya Nakuru, Bogoria na Natron, ambako spirulina ya jamii hiyo huwalisha heroe wadogo.

Maji safi yana pH 7. Ya spirulina, kwa sababu ya magadi, huwa kati ya 9 na 10.5. Pengo linaonekana dogo, lakini kutoka 7 hadi 10 ayoni za haidrojeni hupungua mara 1,000. Bakteria wengi huendesha shughuli zao kwa kuziacha ayoni hizo ziingie kutoka nje. Zikiadimika, nguvu hukatika na protini zao huvurugika. Spirulina huponea sodiamu: huitoa nje na kubadilishana nayo haidrojeni, ndani kukabaki shwari.

Kinachonivutia zaidi ni kwamba ulinzi huo wa magadi ni chakula pia. Katika kanuni ya mtafiti Zarrouk ya mwaka 1966 ya kuandaa maji ya spirulina, inayofuatwa hadi leo, kila lita ya maji hutiwa gramu 16.8 za bikabonati ya sodiamu, na humo ndimo spirulina hupata kaboni. Kadiri inavyoila, ndivyo pH inavyopanda yenyewe.

Hatari kubwa basi iko mwanzoni, mbegu, yaani spirulina ya kuanzishia, ikiwa chache na pH ikiwa bado karibu na 8.5. Klorela, mwani wa kijani wenye mbio, hupenya hapo. Wenye uzoefu huanza na mbegu nzito, hata kama bwawa litakuwa dogo. Rotifa nao, wanyama wadogo wanaokula mwani, wamo hata Nakuru. Hao magadi hayawatishi, na bila hadubini hutawaona mapema.

Kuna na mtego mwingine, wa mbolea. Urea ni rahisi, na wengi huimimina kwa ukarimu. Inapovunjika hutoa amonia, na pH ikipita 9.25 hivi, zaidi ya nusu ya amonia hiyo huwa katika umbo lenye sumu. Magadi yaliyomzuia mgeni ndiyo yanayoigeuza mbolea kuwa sumu kwa mwenyeji. Kwa hiyo urea hutiwa kidogo kidogo, kila siku.