SURA MOJA JUU YA NYINGINE

Mwaka 1878 Mwingereza Francis Galton aliwatangazia wataalamu wenzake namna mpya ya kupiga picha. Alikusanya picha za wafungwa, akaziweka moja baada ya nyingine mbele ya kamera, macho yakiangukia mahali pamoja, na kila moja akaipa sehemu ndogo tu ya muda wa mwanga uliohitajiwa. Alama za mtu mmoja mmoja zilififia. Zilizokuwa za wote zikakoza. Ikatoka sura isiyokuwa ya mtu yeyote.

Shabaha yake haikuwa sanaa. Alitaraji kuiona sura ya mhalifu, ili mwizi na muuaji wajulikane kwa pua na taya zao. Lakini kadiri sura zilivyolazwa moja juu ya nyingine, uovu alioutafuta ulitoweka, ukabaki uso mtulivu, mzuri kuliko nyuso zilizouzaa. Mwenyewe alikiri kwamba kilichoshinda ni ubinadamu wa wote.

Ajabu ni kwamba hakuufuata ushahidi wake. Mwaka 1883 aliipa jina yujeniki, elimu ya kuchagua nani azae na nani asizae. Baada ya kufa kwake, Manazi wa Ujerumani waliitumia kuhalalisha mauaji.

Kisa hiki si cha kale tu. Leo kompyuta hufundishwa kwa maelfu ya sura ili zimbainishe mtu. Mwaka 2018 Joy Buolamwini na Timnit Gebru walipima programu 3 za kibiashara zinazotenganisha wanaume na wanawake kwa uso. Kwa wanaume weupe makosa hayakuzidi asilimia 0.8, kwa wanawake weusi yalifika asilimia 34.7. Mikusanyo ya picha iliyozoeleka kupimia kazi hiyo ilijaa nyuso nyeupe.

Sisi wa visiwa tuna nasaba za bara, Ngazija, Hadhramaut na Bara Hindi. Nani atathubutu kututolea sura moja?

Kwa hiyo twawanasihi viongozi wetu: kabla ya kununua mashine ya kutambua nyuso, ulizeni imefundishwa kwa nyuso za nani. Na mtumishi aliyeko dirishani asimrudishe mama wa Micheweni au Makunduchi eti mashine haikumjua. Amsikilize kwanza. Mashine haina haya. Mtumishi wa wananchi hana budi kuwa nayo.