Kijana anataka kuwa DJ wa arusi: anunue nini kwanza?



Wazazi kadhaa wametufuata shuleni na swali moja. Kijana amemaliza sekondari, kazi hana, na sasa anasema atakuwa DJ wa kuzunguka kwenye arusi na ubatizo siku za Jumamosi. Anamwomba mama pesa ya likelemba anunue vyombo. Je, hii ni kazi au ni uhuni? Sisi tunaowajibu ni walimu watatu wa kujitolea hapa Nakivale. Siku za wiki tunafundisha, Jumamosi tunapiga muziki. Ni kazi. Lakini pesa yake inaweza kupotea kwa siku moja, na ya kwetu ilipotea, kwa hiyo tuanzie hapo.

Tulinunua amplifaya ya mtumba mjini Mbarara kwa shilingi 450,000. Mbele ilikuwa na karatasi ya kung'aa: wati 3,000! Pesa ilitoka kwenye likelemba yetu, na zamu ile ilikuwa ya mwenzetu mmoja aliyekuwa ameipanga kwa karo ya mdogo wake. Tukamwambia, usiogope, arusi chache tu zitairudisha.

Arusi ya kwanza tulienda na betri moja ya gari na inveta. Bibi arusi ndiyo kwanza anaingia, inveta ikalia pi-pi-pi, ikazima. Mama mzazi akatujia polepole: "Walimu, mbona wageni wangu wamekaa kama kwenye matanga?" Jirani akatukopesha jenereta, au grupu kama wengine mnavyosema. Tukaenda vizuri saa moja na nusu. Hakuna aliyekumbuka kuangalia mafuta. Jenereta ikaanza kukohoa, taa zikawaka kupita kiasi, zikafifia, zikawaka tena, na ile amplifaya ikatoa moshi. Tulirudisha pesa yote ya mwenye arusi. Mdogo wa mwenzetu alikaa nyumbani muhula mzima. Kijana huyo tunakutana naye kila siku kwenye bomba la maji, na hajawahi kutusema neno.

Basi, tulichojifunza ni hiki: anza na umeme, siyo na spika. Jiulize kwanza, mahali nitakapopiga nitapata umeme wa kiasi gani, kwa saa ngapi? Ndipo ununue chombo kinachotosha umeme huo.

Ile karatasi ya mbele ya wati 3,000 ni ya kuuzia. Geuza chombo, tazama nyuma pale waya wa umeme unapoingia. Pale pameandikwa kwa herufi ndogo kinakula wati ngapi. Yetu ilisema 180. Muuzaji akikataa usiigeuze, nenda duka lingine.

Sasa hesabu, na watoto wa shule wanaweza kuwasaidia. Betri ya voti 12 na ampea 100: zidisha, unapata 1,200. Maana yake inaweza kutoa wati 100 kwa saa 12, au wati 200 kwa saa 6. Hiyo ni kwenye karatasi. Betri ya kawaida ya maji ukiimaliza chini ya nusu mara kwa mara inakufa mapema, kwa hiyo hesabu 600 tu. Vyombo vikila wati 200, una saa 3, na inveta nayo inakula kidogo njiani. Arusi gani ya hapa inaisha kwa saa 3? Betri za lithiamu unaweza kuzitumia karibu zote, ila bei yake ni ya kukaa chini na kufikiri.

Kwa hiyo wengi mtategemea jenereta. Ile ndogo iliyoandikwa wati 950 sisi hatuibebeshi zaidi ya nusu. Iwashe kwanza, iache itulie, ndipo uchomeke vyombo. Usiiache ikauke mafuta: ikikaribia kuzima, umeme wake unapanda na kushuka, na hapo ndipo vyombo vinaungua. Kujaza, zima kabisa na uiache ipoe. Sisi tunajaza wakati wa hotuba ya wazee, maana hotuba zetu mnazijua zilivyo.

Upande wa spika, au bafle kama tunavyosema sisi wa Kivu, ushauri wetu ni mbili zenye amplifaya yake ndani. Waya zinapungua, na moja ikifa nyingine inaendelea. Ziinue juu ya meza imara, zifike usawa wa kichwa cha mtu aliyesimama. Spika ikiwa chini, walio mbele wanaimeza sauti yote na bibi aliye nyuma hasikii kitu. Taa nyekundu ya spika au ya mixa ikiwaka mfululizo, punguza, hata vijana wakipiga kelele "ongeza!" Sauti inayokwaruza ndiyo inayoua spika ndogo ya juu. Wakati wa kuwasha, spika iwe ya mwisho. Wakati wa kuzima, iwe ya kwanza.

Halafu maikrofoni. Vijana wananunua taa za rangi, maikrofoni wanaazima! Watu wa arusi wanasamehe muziki mdogo, lakini baba wa bwana arusi asiposikika hawasamehi. Nunua moja nzuri ya waya. Anayeongea asimame nyuma ya spika, siyo mbele yake, la sivyo itapiga filimbi.

Kompyuta ndogo ya mtumba inatosha. Programu ya Mixxx haina malipo, na ukishaiweka haihitaji intaneti. Nyimbo zilezile ziweke pia kwenye simu, na waya wake uwe mfukoni. Siku kompyuta ikiganda utatushukuru.

Lakini tungeanza upya leo, tungekodi kwanza. Baada ya ule moshi tulipiga arusi nyingi kwa vyombo vya kukodi, na hesabu ya siku moja ilikuwa hivi: tunalipwa 100,000, kukodi 40,000, boda za mizigo 10,000, mafuta 15,000. Inabaki 35,000 kwa watu watatu. Siyo utajiri, jamani. Posho imepunguzwa mara kadhaa tangu 2020, kila nyumba inajua, na mtu anayeuza mahindi ya watoto ili anunue spika hatuwezi kumsifu. Ukikodi mara tano na bado watu wanakuita, ndipo uanze kununua, kitu kimoja kimoja, maikrofoni ikitangulia.

Clive Campbell, anayejulikana kama DJ Kool Herc, alihama Jamaika na kufika New York mwaka 1967 akiwa mtoto. Tarehe 11 Agosti 1973, akiwa na miaka 18, alipiga muziki kwenye karamu ya dada yake, ambaye alitaka pesa ya nguo za shule. Waliazima vyombo vya baba yao. Hip-hop inahesabu siku yake ya kuzaliwa kutoka karamu ile.

Jambo moja zaidi, na hapa wazazi mtusikilize. Kambi yetu ina Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali, Waethiopia. Wimbo wa wapiganaji au wa kutukana kabila hatupigi, hata mwenye arusi aombe, hata aongeze pesa. Mara moja tulikataa, tukaitwa waoga, arusi ikaendelea na rumba. Siku tatu kabla tunakaa na familia zote mbili, tunaandika nyimbo wanazotaka na wasizotaka. Tunapata pia kibali cha ofisi ya kambi kwa maandishi, na saa ya kufunga ikifika tunafunga. Kijana wa kubeba vyombo tunamfikisha mpaka kwa mama yake.

Mwenzetu tulimlipa pesa yake kwa miezi saba. Mdogo wake amerudi shuleni, nyuma ya wenzake mwaka mmoja.

Wanaotaka kuona vyombo waje Jumatano baada ya masomo, darasa la mwisho karibu na mwembe. Ile amplifaya iliyoungua ipo, tumeifungua mfuniko, mtaona ndani jinsi ilivyo. Njooni na kalamu, na mzazi mmoja akija pamoja na kijana ni vizuri zaidi.